Hewa ya Mombasa au Machungwa Yake? Uchambuzi wa Kisa cha Kiseyeye, 1498–1499

Jioni ya Jumamosi, tarehe 7 Aprili 1498, merikebu tatu za Kireno zilitia nanga nje ya mji wa Mombasa zikiwa na wagonjwa. Kesho yake, Jumapili ya Matawi, mfalme wa Mombasa alimpelekea nahodha mkuu, Vasco da Gama, kondoo, machungwa tele, malimau na miwa. Merikebu zilikaa pale hadi Ijumaa ya tarehe 13. Mmoja wa waliokuwamo, ambaye wanahistoria wengi humtaja kuwa Álvaro Velho, aliweka shajara ya safari. Kuhusu siku zile sita aliandika jambo lililonifanya nikichukue kisa hiki: kwamba kwa rehema za Mungu wagonjwa wao wote walipona walipofika katika mji huu, kwa kuwa hewa yake ni nzuri sana.

Machungwa aliyaona, akayaandika. Wenzake aliwaona wakiinuka. Sifa akaipa hewa.

Ugonjwa wao ulikuwa kiseyeye, maradhi yanayoletwa na kukosa vitamini C. Kisa kinachosimuliwa kila mara vitamini hiyo inapotajwa ni kile cha daktari wa Kiskoti na mabaharia wake 12, nami nitakifikia. Lakini hiki kimetokea kwetu, kati ya Tanga na Malindi, na machungwa yenyewe yalitoka mashamba ya watu wa pwani. Tena kina kitu ambacho mchambuzi hakipati mara nyingi: watu walewale, chakula kilekile, bahari ileile iliyovukwa mara mbili, mara ya kwanza kwa siku 24 na mara ya pili kwa karibu siku 90. Hakuna aliyelipanga jaribio hilo, ila limeandikwa siku hadi siku.

Yaliyotokea

Safari ilianza Lisbon tarehe 8 Julai 1497 kwa merikebu nne na watu kati ya 150 na 170 hivi. Walipoviacha visiwa vya Cabo Verde mwanzoni mwa Agosti hawakukanyaga nchi kavu hadi Novemba, walipofika pwani ya Afrika Kusini ya leo. Chakula chao kilikuwa kile cha mabaharia wote wa Ulaya wa zama zile: mikate mikavu migumu kama vigae, nyama na samaki wa chumvi, mvinyo. Tumbo kilishibisha. Tunda bichi au jani bichi havikuwamo.

Mwishoni mwa Januari 1498 waliingia mto ulio karibu na mji wa Quelimane, Msumbiji, wakakaa siku 32 wakitengeneza merikebu. Hapo ndipo maradhi yalipojitokeza waziwazi. Shajara inasema miguu na mikono ya watu ilivimba, fizi zikafura hadi zikapanda juu ya meno, wakashindwa kula. Kiswahili kina jina la hali hiyo: kiseyeye.

Siku moja kabla ya kufika Mombasa, merikebu ya São Rafael, iliyoongozwa na Paulo da Gama, kaka yake Vasco, ilikwama kwenye mwamba wa pwani ya Mtangata, kusini ya Tanga ya leo. Wareno wakauita mwamba huo kwa jina la merikebu yao. Wakiwa wamekwama wakisubiri maji yajae, vyombo viwili vya wenyeji viliwafuata. Kimoja kilikuwa kimepakia machungwa, na mwandishi anakiri kwamba ni mazuri kuliko ya Ureno. Naomba msomaji aukumbuke mwamba huu, tutaurudia.

Ndipo ikaja Mombasa, na zile siku sita. Hazikuwa siku za amani. Da Gama alishuku kwamba anategwa, na usiku mmoja aliwahoji watu wawili aliowashikilia kwa kuwadondoshea mafuta ya moto mwilini. Aliondoka akiwa adui wa mji uliowaponya watu wake.

Malindi walipokewa vizuri, wakapewa rubani kutoka Gujarati, wakang'oa nanga tarehe 24 Aprili. Kusi ilikuwa inaanza kuvuma. Tarehe 18 Mei waliona milima ya India. Katika mvuko huo shajara haisimulii fizi zilizofura wala miguu iliyovimba.

Kurudi ndiko kulikokuwa msiba. Waliacha pwani ya India tarehe 5 Oktoba 1498, kaskazi ikiwa bado haijashika. Nahodha yeyote wa bahari hii angewaambia wangoje. Hawakungoja. Wakapata shwari ya siku nyingi, kisha pepo za mbishano, na mvuko uliowachukua wiki tatu na ushei walipokwenda ukawachukua miezi mitatu kasoro siku tatu. Fizi zikafura tena na kufunika meno. Miguu ikavimba, na uvimbe ukapanda mwilini hadi mtu akafa bila kuonyesha ugonjwa mwingine wowote. Watu 30 walikufa katika mvuko huo, na shajara inasema idadi kama hiyo walikuwa wamekwisha kufa kabla yake. Kila merikebu ilibaki na watu saba au wanane wa kufanya kazi, nao pia hawakuwa wazima. Manahodha walikwisha kubaliana kwamba upepo wa kuwarudisha India ukitokea wataufuata.

Tarehe 2 Januari 1499 wakaiona pwani ya Afrika karibu na Mogadishu. Tarehe 7 walikuwa Malindi, na wagonjwa walikuwa wanatamani machungwa. Walikuwa wameshajua, au miili yao ilijua. Da Gama akamtuma mtu nchi kavu, kesho yake akarudi na machungwa na matunda mengine. Lakini safari hii wengi walikufa palepale bandarini. Mwandishi akasema tena kwamba ni hali ya hewa ya mahali pale iliyowadhuru.

Tarehe 11 wakaondoka. Tarehe 13 wakafika kwenye ule mwamba wa São Rafael, mahali walipoletewa machungwa yaliyozidi ya Ureno, na hapo wakaitia moto merikebu ya São Rafael yenyewe, kwa kuwa watu waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Walikaa siku 15 wakihamisha shehena, na watu wa Mtangata wakawaletea kuku wa kuuza.

Kamba za mtepe

Kwa nini fizi, na kwa nini miguu? Ni rahisi kusema "walikosa vitamini C" na kupita, lakini dalili hizo zinaeleweka zikifuatwa moja moja.

Wareno walipofika Msumbiji walishangaa kuona vyombo vilivyojengwa bila misumari, mbao zake zimeshonwa kwa kamba. Kamba hizo ni za makumbi ya nazi, na chombo cha namna hiyo ndicho watu wa Lamu na Pate walichokiita mtepe. Nguvu ya mtepe haipo kwenye ubao peke yake. Ipo kwenye mshono. Ubao unaweza kuwa mzima kabisa, lakini kamba ikioza, maji yanaingia.

Mwili wa mtu umeshonwa vivyo hivyo. Kamba yake ni protini iitwayo kolajeni, ambayo imo kwenye ngozi, kuta za mishipa ya damu, mifupa, na nyuzi zinazoshikilia jino ndani ya taya. Kila uzi wa kolajeni umesokotwa kutokana na nyuzi tatu, na ili msokoto ushike, vimeng'enya fulani hubadilisha kidogo viungo vyake viwili, prolini na lisini. Vimeng'enya hivyo hufanya kazi kwa kutumia chuma, na vitamini C ndiyo inayokiweka chuma hicho katika hali ya kufaa. Vitamini C ikiisha, mwili unaendelea kusokota kamba, ila kamba isiyoshika.

Kolajeni haiharibiki kwa pamoja mwili mzima. Inakwisha kwanza pale inapobadilishwa haraka na panapotumika sana. Fizi husuguliwa kila siku kwa kutafuna na kushambuliwa na bakteria wa kinywani, kwa hiyo mishipa yake midogo hupasuka, inavuja, inafura. Ndiyo maana madaktari wameona kwamba mgonjwa wa kiseyeye asiye na meno huenda asionyeshe kabisa dalili za fizi. Miguuni, uzito wa mwili na wa damu husukuma mishipa dhaifu, damu ikavuja ndani ya misuli na chini ya utando wa mfupa, na hapo maumivu ya kigimbi cha mguu huwa makali hata mtu hawezi kusimama. Makovu ya zamani huweza kufunguka, kwa sababu kovu ni kolajeni kwa sehemu kubwa. Kabla ya hayo yote huja uchovu na huzuni isiyo na sababu, ambavyo nahodha angeweza kuvidhania uvivu.

Yupo kiumbe mmoja merikebuni ambaye asingepata kiseyeye hata akila mikate ile ile mikavu: kondoo wa mfalme. Kondoo, mbuzi, ng'ombe, mbwa na paka hujitengenezea vitamini C wenyewe kutokana na sukari. Sisi tunazo hatua zote za kazi hiyo isipokuwa ya mwisho, kwa kuwa jeni ya kimeng'enya chake iliharibika kwa mababu wa mbali sana wa binadamu na nyani. Imo bado katika kila chembe ya mwili wetu, haifanyi kazi. Kwa hiyo mtu hana budi kula kile ambacho mbuzi anakitengeneza mwenyewe.

Hesabu ya siku

Sasa zile tarehe. Mtu mzima anayekula vizuri huwa na akiba ya vitamini C ya takriban miligramu 1,500 mwilini. Asipoingiza nyingine, akiba hiyo hupungua kwa kama asilimia 3 ya kilichobaki kila siku. Dalili za kiseyeye huanza ikishuka chini ya miligramu 300 hivi. Ukipiga hesabu, mtu aliyeanza na akiba kamili hufika kwenye miligramu 300 baada ya siku 53 hivi. Kwa watu halisi dalili huonekana kati ya mwezi mmoja na mitatu, kutegemea walianza na nini.

Siku 24 za kwenda, Malindi hadi India: mtu aliyekula machungwa ya Mombasa na Malindi kwa zaidi ya wiki mbili angefika akiwa bado na nusu ya akiba yake. Siku 89 za kurudi: angebaki na miligramu 100 tu, na wengi hawakuanza na akiba kamili. Hesabu ya leo inaangukia palepale shajara ya mwaka 1498 ilipoandika vifo.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu nadhani ndipo utajiri wa kisa ulipo. Tofauti kati ya mivuko miwili haikuwa chakula. Mikate ilikuwa ileile. Tofauti ilikuwa upepo. Mabaharia wa Bahari ya Hindi, kwa kusafiri na kusi na kurudi na kaskazi, waliikata bahari hiyo kwa wiki chache kabla akiba ya mwili haijaisha. Hawakuhitaji kujua lolote kuhusu kiseyeye. Kalenda yao ya pepo iliwakinga, na aliyeivunja alilipa kwa maisha ya watu 30.

Hesabu hizi zimepimwa kwa watu hai. Mwaka 1939 daktari kijana wa upasuaji huko Boston, John Crandon, alijinyima vitamini C kwa miezi sita. Baada ya siku 41 hakukuwa na vitamini C inayopimika katika majimaji ya damu yake, lakini alama za ngozini zilichelewa hadi baada ya miezi minne. Alichanjwa kidonda mgongoni mwezi wa tatu, kikapona. Alichochanjwa mwezi wa sita hakikufunga. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, huko Sheffield, Uingereza, watu 20 waliojitolea walifanyiwa jaribio la namna hiyo, na ikaonekana kwamba miligramu 10 tu kwa siku zinatosha kuzuia kiseyeye na kukiponya. Miligramu 10 ni kipande cha chungwa.

Na wale waliokufa Malindi na machungwa mkononi? Vitamini C huanza kufanya kazi ndani ya siku moja au mbili, maumivu hupungua, damu huacha kuvuja. Lakini kamba mpya husokotwa kwa wiki kadhaa, na mtu ambaye moyo na mishipa yake imefika mwisho anaweza kufa ghafla kwa kuinuliwa tu kitandani. Mombasa walifika wagonjwa waliokwisha kupita wiki nyingi karibu na nchi kavu. Malindi walifika watu waliotoka moja kwa moja kwenye siku 89 za bahari. Dawa ilikuwa moja, hatua ya ugonjwa tofauti. Naona pia kwamba siku tano za Malindi zilikuwa chache mno, ingawa da Gama alikuwa na sababu zake za kuharakisha.

Hewa ilikuwa moja

Simlaumu mwandishi wa shajara. Jiweke mahali pake. Elimu ya tiba aliyokua nayo ilisema magonjwa huletwa na hewa mbaya na kuondolewa na hewa nzuri. Merikebu ilinuka, mji ulikuwa na upepo mwanana. Tena Mombasa vitu vyote vilibadilika kwa mpigo: maji matamu, nyama mbichi, kupumzika, kulala bila kuyumba, matunda. Nani ajue ni kipi kati ya hivyo? Na kama angeyaamini machungwa mwezi wa Aprili, vifo vya Malindi mwezi wa Januari vingemvunja imani.

Miaka miwili baadaye kundi jingine la Wareno, la Pedro Álvares Cabral, lilifika Malindi, Agosti 1500. Simulizi ya safari hiyo inasema mfalme aliwapelekea kondoo, kuku, malimau na machungwa yasiyo na kifani duniani, na kwamba kwa machungwa hayo wagonjwa wao wa kinywa walipona. Hewa haikutajwa. Kwa hiyo mtu fulani, kati ya safari hizo mbili, alikwisha kutenganisha kimoja na kingine.

Lakini kuona si kuthibitisha, na jambo lililojulikana pwani ya Malindi mwaka 1500 lilisahauliwa na kugunduliwa tena mara kadhaa. Mei 1747, James Lind, daktari wa manowari ya Kiingereza HMS Salisbury, alichukua wagonjwa 12 wa kiseyeye wanaofanana kwa hali, akawalaza mahali pamoja na kuwalisha chakula kimoja, kisha akawagawa wawiliwawili. Kila jozi ilipata dawa yake: sida (kinywaji cha tufaha kilichochachushwa), siki, matone ya asidi, maji ya bahari, mchanganyiko wa vitunguu saumu na viungo, au machungwa mawili na limau moja kwa siku. Machungwa yalikwisha baada ya siku sita. Kufikia hapo mmoja wa walioyala alikuwa tayari kurudi kazini, na mwenzake ndiye aliyekuwa na hali nzuri kuliko wote waliobaki.

Siku sita, kama zile za Mombasa. Tofauti ni kwamba wagonjwa wote 12 walivuta hewa moja. Kilichobadilika kilikuwa kimoja tu, na hapo hewa ikaondolewa kwenye kesi.

Hata hivyo Lind mwenyewe alipendekeza maji ya machungwa na malimau yachemshwe taratibu hadi yawe mazito ili yahifadhike, na moto ule uliua kwa kiasi kikubwa kile kilichokuwa kinaponya. Jeshi la majini la Uingereza lilianza kugawa maji ya limau rasmi mwaka 1795 tu. Kemikali yenyewe ilitengwa na mwanasayansi Albert Szent-Györgyi mwaka 1928 na kuthibitishwa kuwa ndiyo vitamini C mwaka 1932. Kiasi kikubwa cha kuifanyia utafiti alikipata kutoka kwenye pilipili za mji wa Szeged, Hungaria.

Kosa lilelile, limegeuzwa

Siku hizi hakuna anayeipa hewa sifa ya chungwa. Tunafanya kinyume: tunalipa chungwa sifa ya mambo mengine. Mwaka 2020 bei ya ndimu, malimau na tangawizi ilipanda sokoni, na vidonge vya vitamini C vikawa haba madukani. Mtu akiwa na mafua hunywa kidonge cha miligramu 1,000, na baada ya siku tano au sita anapona, akasema kidonge kimemponya. Mafua yangepona kwa siku hizohizo. Majaribio mengi yaliyokusanywa na kupimwa kwa pamoja yanaonyesha kwamba kumeza vitamini C kila siku hakuzuii mafua kwa watu wa kawaida. Kunafupisha siku za kuugua kidogo, kwa takriban asilimia 8 kwa watu wazima na 14 kwa watoto. Kuianza baada ya mafua kuingia hakujaonyesha faida ya kutegemewa. Waliofaidika wazi ni watu wanaofanya kazi ngumu mno ya mwili kwa muda mfupi, kama wakimbiaji wa marathoni na askari mazoezini kwenye baridi kali.

Kipimo kinachopendekezwa na WHO na FAO kwa mtu mzima ni miligramu 45 kwa siku. Marekani hupendekeza 90 kwa wanaume na 75 kwa wanawake, na 35 zaidi kwa anayevuta sigara. Ziada hutoka kwa mkojo. Anayezidisha gramu mbili kwa siku huweza kuharisha, na mwenye mawe ya figo anajiongezea hatari.

Kiasi hicho si cha kukimbilia duka la dawa. Gramu 100 za chungwa zina miligramu 50 hivi, papai 60, embe kati ya 30 na 40. Mapera yanazidi 200, yaani pera moja dogo linampita mtu mahitaji yake ya siku. Unga wa ubuyu nao una nyingi, ingawa hutofautiana mti kwa mti. Ndimu ina pungufu ya limau, jambo ambalo wengi hulidhania kinyume kwa sababu ya ukali wake.

Mboga za majani zingetosha peke yake, kama si sufuria. Vitamini C huyeyuka katika maji na huharibiwa na moto na hewa. Mchicha unaokatwa mapema, ukaoshwa ukiwa vipandevipande, ukachemshwa nusu saa na maji yake kumwagwa, unafika mezani ukiwa na rangi na nyuzi, na vitamini C kidogo sana. Osha kabla ya kukata, pika kwa muda mfupi, maji yaliyobaki yawe mchuzi. Kachumbari pembeni ya ugali na maharage ina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa: vitamini C inayoliwa pamoja na maharage au mboga husaidia utumbo kufyonza chuma kilichomo, na chai inayonywewa juu ya chakula hicho hukizuia. Kwa mama mjamzito mwenye upungufu wa damu, kukamulia ndimu kwenye maharage na kuisogeza chai mbele kwa saa moja ni badiliko lisilo na gharama.

Kakuma

Mtu angedhani kiseyeye kimebaki kwenye shajara za Wareno. Kati ya mwaka 2017 na 2018, katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, vijana wa kiume kutoka Sudan Kusini walianza kufika kliniki wakiwa na maumivu makali ya vigimbi vya miguu, maumivu ya kifua na fizi zilizovimba. Maumivu ya miguu yana sababu nyingi, na ilibidi nyingine ziondolewe moja moja. Walibaki wagonjwa 45. Wakapewa vitamini C, wakapata nafuu.

Ukiisoma orodha ya chakula walichogawiwa utaikumbuka ghala ya São Gabriel, merikebu ya da Gama mwenyewe. Kulikuwa na nafaka na mafuta, vinavyohesabiwa kwa kalori na kuhimili safari na joto. Kinachohifadhika ndicho kinachogawiwa, na vitamini C haihifadhiki. Mboga na matunda vilipatikana kambini, ila kwa wauzaji, kwa yule ambaye fedha ya Bamba Chakula, yaani msaada wa kununulia chakula, iliyoingia kwenye simu yake ilikuwa bado haijaishia kwenye mahitaji mengine. Waliochunguza mlipuko huo walishauri kwamba huenda kiwango cha fedha hiyo kirekebishwe ili itoshe kununua matunda na mboga.

Kwa barabara, kutoka Kakuma hadi bandari ya Mombasa ni zaidi ya kilomita elfu moja.